Orodha ya Barua Hujengwa kwa Kuondoa Majina

Watu wengi wanaoingia katika biashara ya kukabidhi mikataba ya nyumba hapa Marekani huanza kwa kuhangaikia barua yenyewe: rangi ya karatasi, mwandiko wa kompyuta unaofanana na wa mkono, maneno ya juu ya bahasha yatakayomfanya mtu aifungue. Nilianza hivyo mwaka 2021 hapa Columbus, Ohio, nikitumia akiba niliyoiweka kutokana na kazi ya zamu katika ghala la mizigo. Leo nasema bila kusita kwamba barua ni sehemu ndogo ya kazi. Kinacholeta nyumba ni orodha ya majina, na orodha nzuri haipatikani kwa kukusanya majina mengi, bali kwa kuyaondoa yasiyostahili, moja baada ya jingine, mpaka yabaki yale ambayo una sababu ya kweli ya kuyaandikia. Wenzangu wazungumzaji wa Kiswahili, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, huniuliza mara kwa mara kuhusu kazi hii, na baadhi yao wameshalipia mafunzo ya bei kubwa kabla hawajaambiwa jambo hilo.

Kwa asiyeifahamu, biashara hii huenda hivi. Unakubaliana na mwenye nyumba bei iliyo chini ya ile ya soko, mnasaini mkataba wa mauziano, unaweka arbuni, na kabla ya siku ya kukamilisha mauzo unamkabidhi mnunuzi mwingine, kwa kawaida mtu anayekarabati nyumba na kuziuza, haki yako katika mkataba ule kwa ada mnayopatana. Nyumba huinunui, unachouza ni nafasi yako katika mkataba. Sasa jiulize ni nani atakayekubali bei ya chini. Mwenye nyumba nzuri asiye na haraka atampigia dalali mwenye leseni na kupata bei kamili, na ndivyo anavyopaswa kufanya. Anayebaki ni yule ambaye nyumba yake imechakaa kiasi kwamba benki haitamkopesha mnunuzi wa kawaida, au amerithi nyumba iliyo mbali naye, au amechoshwa na wapangaji, au kodi za ardhi zimemlemea. Watu hao ni wachache katika kila mtaa na hawajitangazi, ndiyo maana tunawatafuta kwa barua.

Orodha yangu ya kwanza niliinunua kwa kampuni inayouza taarifa za nyumba. Niliomba wamiliki wa nyumba za eneo la Linden, msimbo wa posta 43211, ambao anwani zao za barua zilikuwa tofauti na anwani za nyumba zao, kwa dhana kwamba hao ni wenye nyumba za kupangisha wanaoishi kwingine. Faili lilifika siku ileile, na wingi wa majina ulinifurahisha. Stempu ya barua ya kawaida ilikuwa senti 55, na Agosti mwaka huo ikapanda kuwa senti 58, kwa hiyo kila jina lilikuwa na gharama yake. Haukupita muda barua zikaanza kurudi. Nyingine zilikwenda kwa watu waliokwisha kuuza nyumba zao tangu mwaka uliotangulia. Bwana mmoja mwenye nyumba nyingi za kupangisha alipokea barua ileile kwa kila nyumba aliyonayo, zote kwa siku moja, akanipigia na kuniambia kwa hasira ya haki kwamba mtu asiyejua kuwa anamwandikia mtu yuleyule hawezi kuaminiwa na mkataba.

Simu iliyoniumiza zaidi ilitoka kwa mwanamke ambaye baba yake alikuwa amefariki wiki chache kabla. Barua yangu ilibeba jina la marehemu, ikimsalimu kwa uchangamfu na kumuuliza kama amewahi kufikiria kuuza. Mwanamke yule alilia kwenye simu. Nilimwomba radhi, nikampa pole, na baada ya hapo sikuweza kutuma barua nyingine kwa muda mrefu. Kwetu msiba una heshima zake, na hakuna mtu mwenye malezi ambaye angeingia kwenye matanga na kuuliza bei ya nyumba. Hilo ndilo lililonipeleka katika jengo la kaunti lililo barabara ya South High, kujifunza daftari lenyewe la viwanja badala ya kununua kivuli chake.

Katika jimbo la Ohio lenye kaunti 88, mkaguzi wa kaunti ndiye anayetunza daftari la viwanja na kukadiria thamani zake kwa ajili ya kodi. Taarifa hizo ni mali ya umma, na katika kaunti ya Franklin, ilipo Columbus, mtu anaweza kupakua mafaili yote bila malipo. Kila kiwanja kina namba yake, jina la mmiliki, anwani ya nyumba, anwani inayopelekewa bili ya kodi, tarehe na bei ya mauzo ya mwisho, na namba ya matumizi ya ardhi. Namba hii ya matumizi ni ya thamani kubwa: 510 ni nyumba ya familia moja, 520 ni ya familia mbili, 530 ni ya familia tatu. Ukichuja kwa namba hizo tu, viwanja vitupu, maduka, makanisa na maghorofa ya vyumba vingi huondoka kwa mara moja.

Hapo ndipo nilipogundua kasoro iliyokuwa imejificha katika faili nililonunua. Mwenye mkopo wa nyumba ambaye benki yake humlipia kodi mara nyingi huonekana katika daftari kuwa bili yake inapelekwa kwa kampuni inayolipa kodi kwa niaba ya benki, pengine katika jimbo jingine kabisa. Ukilinganisha anwani mbili bila kufikiri, mama anayeishi katika nyumba yake mwenyewe hapo Linden anageuka kuwa mmiliki aishiye mbali. Dawa yake ni safu nyingine ya daftari lilelile, inayoonyesha kama mmiliki amepewa punguzo la kodi la anayeishi katika nyumba yake. Mwenye punguzo hilo anaishi humo. Asiye nalo ndiye wa kuchunguzwa zaidi. Aidha, sheria ya Ohio inawataka wenye nyumba za kupangisha katika kaunti zenye watu zaidi ya 200,000 kuzisajili kwa mkaguzi, na mmiliki aishiye nje ya jimbo kutaja mwakilishi aliye ndani ya Ohio. Anwani iliyo katika usajili huo mara nyingi ni sahihi kuliko ile ya bili.

Jambo linalofuata ni hesabu ya deni, nalo ndilo wengi hulipuuza. Tuseme nyumba ikishakarabatiwa itauzwa dola 200,000. Wanunuzi wengi wanaokarabati hutumia kanuni ya asilimia 70 ya bei hiyo kupata kiasi cha juu watakacholipa: dola 140,000, toa gharama za ukarabati, tuseme 45,000, zinabaki 95,000. Ukitaka ada ya dola 10,000, mwenye nyumba atapata 85,000. Kama anadaiwa na benki dola 120,000, hawezi kukubali hata angetaka, kwa maana atalazimika kuongeza fedha zake mwenyewe ili auze. Barua kwa mtu huyo ni hasara kwako na usumbufu kwake. Kwa hiyo natazama tarehe ya ununuzi, na aliyenunua miaka 15 au 20 iliyopita ana uwezekano mkubwa wa kuwa amelipa sehemu kubwa ya deni. Kisha nakwenda kwa msajili wa hati kuona rehani zilizoandikishwa na zilizofutwa. Rehani ya zamani isiyofutwa haimaanishi kila mara kwamba deni lipo, kwa sababu zipo zilizolipwa na hati ya kufutwa haikuandikishwa. Vilevile usitegemee thamani iliyo katika daftari la kodi kuwa ndiyo bei ya soko. Ohio hukadiria upya nyumba zote kila baada ya miaka sita na kurekebisha katikati, kila mwaka wa tatu, hivyo kati ya makadirio hayo namba hubaki nyuma. Tathmini kubwa ya 2023 katika kaunti ya Franklin iliwashtua wenye nyumba wengi kwa sababu hiyo.

Orodha za mirathi nilizirudia kwa tahadhari kubwa. Majalada ya mahakama ya mirathi yapo wazi, na humo utaona jina la msimamizi aliyeteuliwa, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kusaini. Barua lazima iende kwake, kwa jina lake, na isitaje jina la marehemu juu ya bahasha. Mimi husubiri. Katika Ohio wadai wa marehemu wana miezi sita tangu kifo kuwasilisha madai yao, na mara nyingi familia haijui inachotaka kabla ya muda huo kwisha. Ukitumia miezi hiyo kama kipimo cha subira, utaandika kwa watu ambao angalau wamemaliza vikao vya kwanza vya familia. Kumbuka pia kwamba nyumba nyingi hazipiti mahakamani kabisa: wanandoa wenye hati ya umiliki inayomwachia yule atakayebaki hai, au mtu aliyeandikisha kiapo kinachotaja mrithi wa nyumba, huhamisha umiliki kwa kuandikisha hati tu. Hao huwaoni katika mahakama ya mirathi. Unawaona katika daftari la mabadiliko ya umiliki, kwenye mauzo yaliyoandikwa bei ya sifuri.

Kesi za benki kudai nyumba kwa sababu ya mkopo usiolipwa ni sehemu ngumu zaidi kimaadili. Kanuni za shirikisho kwa kawaida huizuia benki kufungua kesi kabla mkopaji hajachelewa zaidi ya siku 120, na katika Ohio kesi lazima ipite mahakamani, ambako mdaiwa ana siku 28 za kujibu tangu apokee hati za wito. Kwa hiyo jina linapoonekana katika jalada, mtu huyo tayari amekaa na wasiwasi kwa miezi kadhaa, na ndani ya wiki moja sanduku lake la barua litajaa bahasha za watu kama mimi. Nimeamua kwamba katika barua ninazowatumia hao, aya ya kwanza inamweleza kuwa wapo washauri wa makazi walioidhinishwa na wizara ya makazi ya Marekani, na kwamba ushauri wao wa kuzuia nyumba isichukuliwe hutolewa bure. Wenzangu wengine wananiambia nafukuza biashara. Mtu akishauriwa vizuri na bado akaona kuuza ndiyo njia, mkataba wake hauvunjiki njiani, na mimi ninalala.

Kwa wenye malimbikizo ya kodi, sheria ya Ohio inataka orodha yao itangazwe gazetini, na mweka hazina wa kaunti ndiye anayepokea malipo. Orodha hii huchakaa haraka mno. Wengi hulipa mara tu wanapoona majina yao yametangazwa, na wengine huingia katika mpango wa kulipa kidogokidogo. Wote hao nawaondoa. Anayebaki ni yule ambaye deni lake limeendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja na nyumba haina dalili ya mtu kuishi.

Kuhusu nyumba zisizo na watu, nilipata somo kwa mzee mmoja mwenyeji wa Bukavu ambaye amefanya kazi posta kwa miaka mingi. Nilimlalamikia kwamba nilikuwa nimezunguka mitaa ya Hilltop nikiandika anwani za nyumba zenye majani marefu na madirisha yaliyozibwa kwa mbao, nikazitumia barua, na sikupata hata simu moja. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "nyumba tupu nani atakusomea barua yako? Tafuta alipo mwenyewe." Akanieleza kwamba nyumba ikikaa tupu siku 90 au zaidi, mpeleka barua huiwekea alama, na alama hiyo huingia katika kumbukumbu za anwani za Posta. Kampuni zinazosafisha orodha za anwani zinaweza kukuonyesha alama hiyo. Inafaa mara mbili: inakuambia ni nyumba zipi zimeachwa, na inakuzuia kupeleka stempu mahali ambapo hakuna mkono wa kuipokea. Ukiunganisha alama hiyo na makosa ya kanuni za majengo yaliyoandikwa na jiji, kisha ukamtafuta mmiliki kwa anwani ya bili au ya usajili wa upangishaji, unakuwa na jina lenye uzito.

Uzito huo ndio msingi wa namna ninavyopanga orodha sasa. Jedwali langu la Excel lina mstari mmoja kwa kila mmiliki, si kwa kila nyumba, na mmiliki mwenye nyumba kadhaa hupata barua moja inayozitaja zote. Safu zinazofuata ni sababu: anaishi mbali, nyumba tupu, kodi iliyolimbikizwa, makosa ya majengo, mirathi, kesi ya kumfukuza mpangaji, umiliki wa muda mrefu. Kila sababu ina tarehe niliyoichukua na mahali nilipoichukua. Mtu mwenye sababu moja tu simwandikii. Mwenye tatu namwandikia kwanza. Unapolinganisha majina kati ya faili na faili, tumia namba ya kiwanja badala ya jina la mtu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa namna nne tofauti katika ofisi nne.

Kisha inakuja siku ya kuondoa, ambayo huchukua muda mrefu kuliko siku ya kukusanya. Naondoa mali za jiji, za mamlaka ya nyumba za umma, za makanisa na za benki ya ardhi, yaani shirika la umma linalochukua nyumba zilizotelekezwa. Naondoa nyumba zilizouzwa ndani ya miaka miwili. Naondoa zilizo sokoni kupitia dalali, kwa kuwa huyo tayari ana mtu wa kumsemea na sina haki ya kuingilia kati yao. Naondoa pia wote wenye punguzo la kodi la wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi ambao wanaishi katika nyumba zao wenyewe. Sheria hainilazimishi kufanya hivyo, na wapo miongoni mwao wanaotaka kuuza, lakini nimeona jinsi mzee aliye peke yake anavyoweza kusaini karatasi kwa sababu tu mtu ameongea naye kwa upole, na sitaki faida ya namna hiyo ipite mikononi mwangu.

Katika kutuma, chagua aina ya barua kwa kuzingatia hali ya orodha. Posta ina bei nafuu ya matangazo kwa anayetuma kuanzia barua 200, lakini barua za aina hiyo zisizofika kwa kawaida hazirudishwi isipokuwa umelipia huduma ya ziada, na wewe utabaki ukidhani zimesomwa. Barua ya daraja la kwanza ni ghali zaidi, ila isiyofika hurudi kwako bila malipo ya ziada, na kila bahasha inayorudi ni jina la kusahihisha au kufuta. Orodha mpya naituma daraja la kwanza. Ikishasafishwa naweza kuhamia bei nafuu. Kwa bei za wingi Posta inakutaka uwe umelinganisha anwani zako na kumbukumbu za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma, na hata usipolazimishwa, fanya. Weka namba tofauti ya simu kwa kila orodha, ili ujue ni ipi inayojibu. Anayesema "ondoa jina langu" aingie katika jedwali la pekee ambalo linalinganishwa na kila orodha kabla ya kuchapa, kwa maana ukichukua faili jipya la kaunti jina lake litarudi tena.

Kuna mipaka ya sheria isiyochezewa. Barua ya biashara iliyotengenezwa ifanane na bili au na hati ya serikali, bila tangazo bayana kwamba si hivyo, inakatazwa na sheria ya Posta. Kutafuta namba za simu za watu walio katika orodha na kuwapigia au kuwatumia ujumbe kwa mashine kunakuingiza katika sheria ya simu ya 1991, ambayo humruhusu mtu kudai dola 500 kwa kila kosa, na hadi 1,500 ikithibitika ulifanya kwa makusudi. Tena majimbo yanatofautiana kuhusu biashara yenyewe. Illinois inataka leseni kwa anayefanya mikataba ya aina hii zaidi ya mmoja ndani ya miezi 12, Oklahoma ilipitisha sheria yake 2021, na sheria ya Pennsylvania imeanza kutumika Januari 2025. Kabla hujachapa bahasha kwa ajili ya jimbo jipya, mlipe wakili wa mali zisizohamishika wa huko akusomee mkataba wako.

Mwisho ni fedha, na hapa sitaki kumficha mtu. Julai 2025 stempu ya kawaida ilipanda kutoka senti 73 hadi senti 78, na ukiongeza karatasi, bahasha na uchapaji, barua moja inaweza kufika dola 1.10. Mke wangu na mimi tulipitia miezi ambayo gharama za barua zilishindana na kodi ya pango ya nyumba tunayoishi, wakati simu zilizoingia zilikuwa za kunikaripia. Mtu hujibu pale hali yake inapobadilika, si pale wewe unapokuwa na stempu, hivyo jina zuri linahitaji barua kadhaa katika mwaka. Mwenye dola 1,500 anaweza kuwaandikia watu takriban 1,360 mara moja, au watu takriban 270 mara tano. Ningekuwa naanza leo na fedha hizo, ningechukua hao 270, na ningetumia wiki za kwanza katika daftari la kaunti kabla ya kununua stempu yoyote.